Ma Edvina Kahangwa: Presha Kwanza, Dawa Baadaye

*Imeandaliwa na Joyness Kokwijuka, karani wa masjala, kwa ajili ya kijitabu cha sherehe ya kumuaga*

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Muuguzi Edvina Kahangwa anatimiza umri wa miaka sitini na kustaafu utumishi wa umma, baada ya miaka thelathini na minne kazini. Miaka saba ya mwanzo aliifanyia kazi Bukoba mjini. Iliyobaki yote ameitumia hapa Kituo cha Afya Rwenkuba, wilayani Muleba, katika kliniki ya afya ya akili, kile chumba cha mwisho kabisa kwenye korido ambacho mvua kubwa ikinyesha watu hawasikilizani kwa kelele za bati.

Katika nyaraka rasmi tumeelekezwa kuandika "Muuguzi Kahangwa", na katika nyaraka rasmi tumefanya hivyo. Kijitabu hiki ni cha sherehe. Kwa ruhusa ya Mganga Mfawidhi, humu ataitwa Ma Edvina, kama anavyoitwa na wagonjwa, na madereva, na hata wakaguzi kutoka wilayani wakishamaliza kukagua.

Ma Edvina alizaliwa Maruku, katika familia ya wakulima wa kahawa na migomba. Alisomea uuguzi, kisha akaenda Dodoma kusomea uuguzi wa afya ya akili. Aliporudi nyumbani, shangazi yake alimuuliza alifeli mtihani gani hadi akapangiwa wagonjwa wa akili. Ma Edvina akajibu kwamba hakupangiwa, aliomba mwenyewe. Shangazi akamshauri asiseme jambo hilo mbele ya wachumba.

Wachumba walikuja hata hivyo. Ma Edvina aliolewa, akalea watoto wanne, na mwaka 1998 akahamia Rwenkuba na pikipiki ya serikali ambayo hakuna mwanamume aliyekuwa tayari kuipanda kwenye miteremko ya Kamachumu wakati wa masika. Aliwafuata wagonjwa majumbani. Wengine aliwakuta wamefungwa kamba kwenye nguzo za mabanda, na alikuwa na kawaida ya kuomba kamba hiyo aondoke nayo, akidai kwamba anahitaji kitu cha kufungia mzigo wake wa dawa. Alirudi kituoni na kamba nyingi kuliko mizigo.

Hayo peke yake yangetosha kumfanyia sherehe. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane mkoani ilianza baadaye sana, alipokuwa amepita umri wa miaka hamsini, na ilianza kwa msiba.

Huku kwetu unene ni habari njema. Mtu akiongezeka mwili, majirani humpongeza. Zamani bibi harusi alifungiwa ndani na kulishwa ili atoke akiwa na mashavu. Mgonjwa wa akili aliyeletwa kliniki akiwa amekonda na nguo zimechanika, akitumia dawa vizuri, baada ya mwaka mmoja hurudi akiwa amenenepa na kutulia, na ndugu zake husema amepona. Kliniki nayo ilisema hivyo. Ma Edvina mwenyewe amekuwa akisimulia wazi, katika kila mafunzo anayotoa, kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipiga makofi kila mgonjwa wake alipoongezeka kilo.

Kuna kisa cha mwaka 2014 ambacho wazee wa kituo wanakipenda. Mizani ya kituo iliharibika na nyingine ikachelewa kuja. Ma Edvina akawapeleka wagonjwa wake kwenye chama cha msingi, wakapimwe kwenye mizani ya kahawa. Mpima kahawa, Bwana Haidari, alikuwa mtu wa utani. Alipopanda Immakulata, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akiuza mitumba Nshamba, Haidari akasogeza jiwe la mizani, akasogeza tena, kisha akamgeukia Ma Edvina.

"Mama, hii niandike kahawa ya maganda au kahawa safi?"

"Safi," Ma Edvina akajibu. "Na haiuzwi."

Immakulata alicheka mpaka mizani ikakataa kutulia. Kilo zilikuwa zimepanda sana, na kila aliyekuwepo alimpigia makofi. Alikuwa ameishi miaka minane bila kusikia zile sauti zilizomtesa alipokuwa msichana. Kila mtu alimtolea mfano.

Miaka miwili baadaye Immakulata alianguka ghafla sokoni na kufariki papo hapo. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Daktari alisema ni moyo. Kwenye mazishi, mama yake mzazi alimshika Ma Edvina mkono na kumuuliza, "Si mlisema amepona?"

Swali hilo Ma Edvina aliondoka nalo. Aliporudi kazini alianza kuuliza na kusoma, na Daktari Gamaliel, ambaye alikuwa ndio kwanza amehamia hapa, akamsaidia. Waliyoyakuta yanajulikana na wataalamu duniani kote, ila yalikuwa hayajafika kwenye korido yetu. Watu wanaoishi na magonjwa makali ya akili hufariki miaka mingi kabla ya majirani zao, na mara nyingi kinachowaua ni moyo. Baadhi ya dawa zinazotuliza akili huongeza njaa na kupandisha sukari. Usingizi wa dawa humkalisha mtu kutwa nzima. Sigara huwa ndiyo rafiki pekee asiyemnyanyapaa. Tena mgonjwa wa akili akisema kifua kinambana, mhudumu huona ni mawazo tu, humwambia apumzike, na kifua hakipimwi.

Basi Ma Edvina akatoa amri ambayo kila aliyewahi kupita mlango ule anaijua: presha kwanza, dawa baadaye. Hakuna aliyepewa vidonge vyake kabla mkono haujaingia kwenye kitambaa cha kipimo, kiuno hakijazungushiwa futi kamba, na sukari haijapimwa pale vifaa vinapokuwepo. Foleni ililalamika. Mzee mmoja alimwambia, "Sista, mimi kilichoharibika ni kichwa. Mkono wangu ni mzima." Ma Edvina akamwambia, "Basi nipe huo mzima, tuanze na chema."

Hivyo ndivyo alivyopatikana Ta Avit, yaani Bwana Avit kwa heshima ya huku.

Ta Avit Kamala wa kijiji cha Kyamuyaga, pamoja na dada yake, Mama Alistidia, wamesoma sehemu yote inayowahusu na wameridhia iandikwe kwa majina yao. Mama Alistidia ametaka neno moja tu libadilishwe, na limebadilishwa.

Ta Avit aliugua skizofrenia akiwa chuo cha ualimu. Dawa zilimtuliza, lakini hakurudi chuoni. Mwaka 2018 alikuwa na miaka arobaini na tatu, mtu mkubwa, mpole, anayekaa kwenye kiti kimoja barazani tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku. Chai yake ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko, na alivuta sigara moja akiwashia nyingine. Siku alipopimwa presha kwa mara ya kwanza, Ma Edvina alidhani kipimo kimeharibika, akachukua kingine, kisha akaazima cha wodini. Vyote vitatu vilisema jambo moja. Akapelekwa Bukoba, na mtaalamu wa moyo akaeleza kwamba moyo wake ulikuwa umetanuka na kuchoka. Bila kubadilisha maisha, hangefika mbali.

Ta Avit alikuwa na kaka wawili wakubwa. Wote wamelala kwenye kibanja cha familia, chini ya migomba, na hakuna aliyefikisha miaka hamsini. Kazi ya Ma Edvina kuanzia siku ile ilikuwa kumfikisha huyu wa tatu.

Alianza kwa kosa. Wataalamu wanashauri matembezi, kwa hiyo Jumanne moja, baada ya kliniki, aliwatoa wagonjwa waliokuwa tayari, wapatao kumi, wakatembea barabarani. Ma Edvina alikuwa amevua sare ili asilowe jasho. Hawakuwa na jembe, wala mzigo, wala ndoo, na hawakuwa wakienda kokote. Huku kwetu mtu mzima hatembei hivyo. Watu wa senta ya kwanza waliwatazama, wa senta ya pili wakampigia simu mtendaji wa kijiji kwamba wagonjwa wametoroka. Mgambo akaja na baiskeli, akawazuia wote.

"Mimi ndiye muuguzi wao," Ma Edvina akamwambia.

"Wote husema hivyo, mama," mgambo akajibu kwa upole. "Twende taratibu."

Wakarudishwa kituoni kwa mstari, na Ma Edvina akiwa wa tatu kutoka mbele. Daktari Gamaliel aliitwa kuja kumtambua. Inasemekana alichukua muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Ta Avit ndiye aliyetoa dawa ya tatizo hilo. Alisema kwamba mtu asiye na mzigo ndiye anayeonekana kichaa, na kwamba mwenye mzigo hata akiongea peke yake watu humpisha. Akauliza kwa nini wasibebe nyasi. Kila mkulima wa huku anajua uzito wa maneno hayo. Kibanja kisichotandazwa nyasi hukauka na migomba hudhoofika. Nyasi nzuri zipo rweya, kwenye mbuga za wazi nje ya vijiji. Kuzikata, kuzifunga mzigo na kuupandisha mlimani kichwani ni kazi ya jasho hasa, na nyumba yenye mgonjwa wa akili kwa kawaida ndiyo yenye kibanja kilichoachwa.

Kikundi kikaanza. Wanachama wenyewe wakakiita Omutima, yaani moyo. Kila Jumanne, wakishapimwa na kumeza dawa, huenda rweya na kupeleka nyasi kwenye kibanja cha mwenzao mmoja, kwa zamu. Walianza na mizigo midogo na mwendo mfupi, Ma Edvina akiwahesabia pumzi na kuwasimamisha. Aliyeshindwa kubeba alitandaza. Baada ya miezi michache hakuna tena aliyempigia simu mtendaji. Watu walianza kuuliza kama kikundi kinakodishwa.

Chakula kilikuwa vita nyingine. Ma Edvina hakuleta vyakula vya wageni. Alisema ekitoke, yaani ndizi za kupika, na maharage na mboga za majani ni chakula ambacho mtaalamu yeyote angekisifu, mradi mafuta yasiogelee na chumvi isirushwe kama mbegu. Alipigana na soda, na maandazi ya asubuhi, na sukari. Aliwaomba wanachama wapunguze kijiko kimoja kwenye chai na wazoee kabla ya kuondoa kingine. Kwenye sigara alikuwa mkali na mvumilivu kwa wakati mmoja. Aliyerudia kuvuta hakufukuzwa, alibebeshwa mzigo karibu na Ma Edvina ili waongee njiani. Rubisi, pombe ya ndizi, aliikataza kwa wanaotumia dawa, na hakutaka mjadala. Alikuwa na msimamo juu ya kila kitu isipokuwa senene, wale panzi wa kukaanga. Novemba zilipoanguka, mwanachama mmoja alimuuliza kama nazo zimekatazwa, na Ma Edvina, ambaye tayari alikuwa na bakuli lake mezani, alijibu kwamba senene hukaangwa kwa mafuta yake yenyewe na kwamba foleni iendelee.

Ta Avit alibadilika kuliko wote. Aliacha sigara mwaka wa pili. Alianza kufunga mkanda kwenye matundu ambayo hakuwahi kuyatumia, kisha akaongeza mengine kwa msumari. Presha ilishuka, pole pole, ikisaidiwa na vidonge vya presha alivyomeza pamoja na vile vya akili. Ma Edvina alifurahi. Kliniki yote ilifurahi. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza dada yake anaonaje.

Mama Alistidia ndiye aliyemlea Ta Avit tangu wazazi wao walipofariki. Ndiye pia aliyewauguza kaka zao wawili, katika ile miaka ambayo ugonjwa usiokuwa bado na dawa ulipita kwenye vijiji vyetu na kufunga nyumba nzima nzima. Aliwaona wakianza kwa kulegeza mkanda. Aliwaona mashavu yakiingia ndani. Kwa mtu aliyeishi miaka ile mkoani Kagera, mwili unaopungua haumaanishi afya. Majirani nao walishaanza kunong'ona, na mmoja alikuwa amemuuliza kisimani, kwa sauti ya huruma, kama mdogo wake "naye ameanza".

Jumanne moja mwaka 2021 Mama Alistidia aliingia kliniki wakati foleni imejaa. Hakukaa.

"Nilikuletea mtu," alimwambia Ma Edvina mbele ya wote. "Unanirudishia mifupa."

"Mama, moyo wake sasa..."

"Moyo hauonekani. Ninachokiona ni shingo. Nimezika wawili wenye shingo kama hii, sitazika wa tatu nikiwa nimenyamaza. Avit, inuka."

Ta Avit akainuka. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na sita, lakini dada aliyekulea akisema inuka, unainuka. Wakaondoka. Alirudi kwenye kiti chake cha barazani na kwenye chai ya kijiko kusimama. Dawa za akili Mama Alistidia aliendelea kumpa, maana alijua maisha bila hizo yalivyokuwa. Vidonge vya presha alivitupa shimoni, akiamini ndivyo vinavyomkausha.

Daktari Gamaliel alisema wazi kwamba moyo ule, ukiachiwa ghafla hivyo, usingevumilia muda mrefu.

Ma Edvina akaenda Kyamuyaga. Kwa wageni wetu wasiokuwa wa huku: mgeni akifika nyumbani, kitu cha kwanza anachopewa ni punje za kahawa za kutafuna. Hupewa hata mgeni mliyekosana naye. Ma Edvina alikaribishwa benchi, akakaa muda wa kutosha kupewa kahawa, na kahawa haikuja. Aliacha vidonge vya presha mezani, akaaga. Alirudi wiki iliyofuata, ikawa vile vile.

Mara ya tatu alikwenda akiwa ameruhusiwa na Ta Avit mwenyewe kusema jambo moja: kwamba Ta Avit alikuwa amepima ule ugonjwa ambao kila mtu alikuwa akiuwaza bila kuutaja, na hakuwa nao. Majibu yalikuwa kwenye karatasi. Mama Alistidia hakuinyooshea mkono.

"Karatasi nimezishika nyingi, Sista. Kaka zangu nao walikuwa na karatasi nzuri tu."

Siku hiyo Ma Edvina aliendesha pikipiki mpaka nyumbani bila kumpungia mtu mkono, na watu wa njiani walilitambua hilo. Kesho yake aliwaambia wenzake kwamba ameishiwa maneno, na kwamba huenda maneno hayakuwa dawa yenyewe. Akauliza zamu ya nyasi ya Jumanne inayofuata ni ya nani. Ilikuwa imeshapita zamu ya Ta Avit, ikarukwa kwa sababu hakuwepo. Wanachama wakasema zamu hairukwi.

Jumanne hiyo kikundi chote cha Omutima kilishuka Kyamuyaga na miundu na kamba. Mama Alistidia akatoka nje.

"Nani amewaita?"

Aliyejibu ni Anatolia, binti wa Nshamba ambaye siku zake mbaya huongea bila kulala na siku zake njema huongea hivyo hivyo. "Ni zamu, shangazi. Ta Avit alinipelekea nyasi nilipokuwa nimelazwa. Nisiporudisha nitaonekana nina kichaa."

Hata Mama Alistidia alishindwa kujizuia kutabasamu, akageuza uso. Wao hawakusubiri ruhusa, wakaelekea rweya. Na Ta Avit, ambaye hakuna aliyemuita, akainuka kwenye kiti, akakunja kitambaa akafanya ngata, akawafuata. Dada yake akamfuata nyuma akimwita kwa sauti arudi. Akamfuata mpaka chini kabisa, akamkuta ameshafunga mzigo na kuuweka kichwani. Kisha kila mtu akaanza kupanda kilima.

Mama Alistidia alifika nusu ya njia. Hapo miguu ilikataa, akakaa juu ya jiwe, akihema kwa mdomo wazi. Ta Avit, baada ya wiki zile za kiti na sukari, naye alikuwa akitoa jasho, lakini alimpita na mzigo wake, akaufikisha kibanjani, akautua, na kushuka tena kumfuata.

"Dada, kaa kwanza. Usiongee."

"Nitakaaje na wewe unakufa mbele yangu?"

"Nani anakufa?" Ta Avit akauchukua mkono wa dada yake, akauweka kifuani kwake mwenyewe. Halafu akaurudisha, akauweka kifuani kwa dada. Moyo uliokuwa ukigonga kama mtu anayetwanga mahindi haukuwa wa Ta Avit.

Mama Alistidia aliuacha mkono wake palepale. Mwisho akasema, "Ee waitu. Sasa mgonjwa ni nani hapa?"

"Kliniki ni Jumanne, shangazi!" Anatolia alipaza sauti kutoka chini ya mzigo wake. "Foleni ni moja, usitafute ya watu wenye akili!"

Waliokuwepo wanasema kicheko cha Mama Alistidia kilisikika hadi ng'ambo. Ma Edvina alimpima presha hapo hapo, juu ya jiwe, na ilikuwa ya juu kuliko ya mdogo wake. Mama Alistidia alikiangalia kipimo kwa muda mrefu, akauliza kila namba ina maana gani, na Ma Edvina akamweleza bila haraka, akianza na maana ya kunenepa na kukonda, mambo ambayo ilimpasa kuyaeleza nyumba ile tangu mwanzo. Hilo amelisema mwenyewe mara nyingi. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa anayeandikishwa Omutima bila ndugu yake kukaa kiti cha pembeni na kuelezwa kwamba mwili utapungua, na kwa nini upungue.

Walipofika nyumbani, kahawa ililetwa kwenye kikapu kidogo, na kila aliyebeba nyasi alipewa ya kwake.

Ushindi wa Ma Edvina haukuwa wa kila siku. Wapo tuliowapoteza. Wapo waliorudi kwenye sigara wakaacha, wakarudi tena. Anatolia amelazwa mara mbili tangu wakati ule, na mara zote mbili kibanja chao kilitandazwa akiwa wodini. Lakini leo kikundi cha Omutima kina matawi Nshamba na Kamachumu, na wauguzi kutoka wilaya za jirani huja kujifunza jinsi chumba cha mwisho kwenye korido kinavyofanya kazi. Wakati fulani walimuuliza Ma Edvina mbinu yake kuu ni ipi. Akawakabidhi ngata.

Mama Alistidia ni mwenyekiti wa ndugu wa wagonjwa. Siku za kliniki husimama mlangoni, na anayejaribu kupenya kwenda dirisha la dawa husikia "Presha kwanza!" kwa sauti ambayo Ma Edvina hakuwahi kuwa nayo. Anatumia vidonge vyake. Kilima kile anakipanda bila kukaa, ingawa husimama mara moja na kudai anaangalia mandhari.

Na Ta Avit? Mtaalamu wa moyo Bukoba alimpima tena mwaka jana, akaandika kwamba moyo unafanya kazi vizuri na aendelee hivyo hivyo. Machi mwaka huu alitimiza miaka hamsini. Familia ilialika majirani wote, pamoja na yule wa kisimani. Ta Avit alitembea peke yake hadi pale kaka zake walipolala, akakaa huko kidogo, kisha akarudi akaomba chai. Aliulizwa sukari kiasi gani. Akasema leo ni sikukuu, wamwekee kijiko kimoja.

Kwa niaba ya Mganga Mfawidhi, Daktari Gamaliel, watumishi wote wa Kituo cha Afya Rwenkuba, wanachama wa Omutima na familia zao, tunakushukuru, Ma Edvina. Tunawashukuru pia mume wako na watoto wako, waliokula chakula kilichopoa kila Jumanne kwa miaka mingi. Endapo kuna cheo cha mtu kilichokosewa katika kijitabu hiki, masjala inaomba radhi na iko tayari kurekebisha.

Limebaki tangazo moja, ambalo uongozi wa Omutima umeagiza liwekwe mwishoni. Kwa miaka yote hii kikundi kimetandaza vibanja vya wanachama wote, na kila kilipotaka kwenda kwako ulikataa, ukisema mtumishi wa umma hapokei kazi kutoka kwa wagonjwa wake. Tulikuelewa. Lakini kuanzia kesho wewe si mtumishi wa umma tena. Ta Avit, ambaye sasa ndiye kiongozi wa mizigo, amekwenda kukitazama kibanja chako kwa mbali, akarudi akitikisa kichwa. Amesema kazi ipo.

Tunakuombea pumziko jema, presha iliyotulia na miaka mingi ya kupanda vilima bila kuhema. Jumanne usitoke nyumbani.